Simu Ndani ya Maikrowevu

Kila Jumapili asubuhi, mshonaji aliipumzisha cherehani yake akasubiri sauti ya kitindamimba wake, aliyekwenda kufanya kazi nchi ya mbali.

Mara ya mwisho binti alimtegea kitendawili. "Sikumbeba, lakini kila niendako ninaye."

"Kivuli," mama alisema.

"Siyo. Jibu Jumapili."

Jumapili nne zikapita kimya. Mshonaji alikaa mbele ya maikrowevu mbovu, akiitazama simu yake kupitia kioo cha mlango. Aliifungia humo baada ya mazungumzo yale ya mwisho, ili nyuzi na vumbi la vitambaa visiiharibu tena.

"Labda amenisahau," alijisemea.

Jumapili ya tano, fundi friji alipiga hodi.

"Mama, umenikimbia na suruali yangu? Nimepiga simu tangu juzi, hupatikani."

"Nikimbie na suruali yenye kiraka? Simu hiyo hapo, baba. Haijaita."

Fundi alichungulia, akacheka. Akapiga namba ya mshonaji. Haikupatikana. Akaitoa simu, akaiweka dirishani, akangoja kidogo, akapiga tena. Ikaita.

"Maikrowevu ni sanduku la bati, mama. Lilitengenezwa ili mawimbi ya kupasha chakula yasitoke. Basi na mawimbi ya simu yanapata taabu kuingia."

"Mbona taa ya simu naiona?"

"Kioo kina wavu wa chuma. Mwanga unapenya vitundu vyake. Mawimbi ya simu ni mapana, hayapenyi. Machache huvuja pembeni mwa mlango, na penye mtandao mzuri simu ingeweza kuita. Hapa kwetu mtandao ni wa kubahatisha."

"Kumbe mwanangu alikuwa anabisha hodi, mimi nimefunga."

"Debe la bati nalo, na friji, hupunguza mtandao. Na maikrowevu inayofanya kazi, usitie simu ndani kabisa. Mtu akiiwasha, simu inaungua."

Mshonaji hakungoja. Alishona mfuko wa kitambaa, akautundika dirishani, simu ndani. Kitambaa huzuia vumbi, mawimbi hupita.

Fundi alikuwa bado anajaribu suruali yake chumba cha pili simu ilipoita.

"Mama? Kila Jumapili napiga, naambiwa hupatikani. Nilidhani unaumwa."

Mshonaji alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Mimi mzima. Kitendawili chako kimenishinda. Chukua mji wowote."

"Nipe huo ulipo wewe."

"Nimekupa. Haya, jibu?"

"Ni wewe, mama."