Hereni Moja Kwenye Chupa

Jioni ya mshahara, supamaketi ile huwa haina adabu. Vitoroli vinagongana, watoto wanalilia biskuti, na mashine ya kulipia imegoma tena, maana inajua kuchagua siku ya kugoma. Katika foleni hiyo ndipo msichana mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa kiunoni alipogeuka ghafla. Hereni yake ikachomoka, ikaanguka, na kijana aliyesimama nyuma yake akaikanyaga kwa kiatu kizima.

"Kaka, hebu inua mguu."

"Mguu wangu una nini?"

"Umekanyaga sikio langu!"

Kijana aliinua mguu. Ilikuwa hereni ya fedha yenye umbo la jani la mpapai, na sasa jani lenyewe lilikuwa limebonyea vibaya.

"Samahani sana, dada. Nitakununulia nyingine."

"Utainunua wapi? Mjomba wangu ni sonara. Amenitengenezea mwaka huu nilipopandishwa cheo. Dunia nzima ina pacha mmoja tu, huyu hapa." Akagusa sikio la pili.

"Basi nipe niipeleke kwa fundi."

"Nikupe hereni yangu, mtu nisiyemjua, tena mwenye vidole vyeusi hivyo?"

"Ni wino huu. Mimi ni mchapaji. Nikipotea nayo, njoo kiwandani unikabe."

Msichana alicheka bila kupenda. "Haya, Wino. Ukipotea nitakusaka kweli."

"Nisake tu, Jani."

"Mkishaoana msogee mbele!" mama mmoja akafoka kutoka nyuma. "Wenzenu nyama zinayeyuka!"

Tangu siku hiyo simu hazikupoa. Jani alikuwa mkuu wa wahudumu wa mvinyo katika hoteli moja kubwa, na kila akipata mapumziko alijibanza stoo, kati ya masanduku ya chupa, akampigia Wino.

"Hereni yangu imefikia wapi?"

"Fundi anasema imevunjika moyo."

"Fundi, au wewe?"

"Nikikurudishia, mpenzi, utanipigia simu kwa kisingizio gani?"

"Visingizio vipo tele. Wewe lete hereni yangu."

Hakuileta, na wala hakuwa ameipeleka kwa fundi yeyote. Alitembea nayo kwenye mfuko wa shati kama mtu aliyeokota bahati. Jani naye, kwa ukaidi wake, aliendelea kuvaa ile moja iliyobaki.

Kiwanda alichofanyia Wino kazi kilikuwa cha baba yake mkubwa, mzee aliyemlea, na kilikuwa na sheria moja: sisi tunachapa, hatusomi. Mzee aliamini kwamba mchapaji akianza kusoma huanza kubishana na wateja, na jicho linalofuata maneno haliuoni mstari uliopinda. Kwa hiyo Wino alijua kupanga rangi na kunyoosha pembe, lakini ungemuuliza lebo ya jana ilisema nini, angekutazama tu.

Ndipo alipoingia mteja mkubwa kuliko wote, tajiri mmoja ambaye hakuvaa kiatu kisichokuwa cheupe. Alitaka lebo za mvinyo: karatasi ya rangi ya chai, herufi za kizamani, na picha ya mwanamke anayechuma zabibu. Maneno alikuja nayo tayari. Wino hakuyasoma. Na kwa kuwa hakuwahi kumwona mchuma zabibu maishani mwake, alichora alichokuwa nacho kichwani. Alichora shingo ya Jani, mwanya wa Jani, na jani moja la fedha kwenye sikio moja. Akatabasamu peke yake, akisema moyoni kwamba siku moja atamshtua nayo.

Na kweli alimshtua.

Meneja wa hoteli alikuwa amenunua shehena mpya kwa bei ya kutupa, akawaagiza wahudumu waisifu. Jioni hiyo mzee mmoja alikuwa na mkewe, wamevaa nguo za sherehe, wakikumbuka ndoa yao. Jani, shati jeupe na aproni nyeusi, aliwasifia mvinyo huo kama alivyoagizwa. Chupa ilikuwa imezungushiwa leso iliyofunika lebo, naye alikuwa na meza nyingine zinamwita, akamimina bila kuitazama. Harufu ilipompanda puani moyo ulimshuka. Ilikuwa sharubati ya zabibu iliyotiwa pombe kali.

"Binti, hiki ni nini?" mzee aliuliza, uso umemkunjika.

"Naomba radhi, baba. Nawabadilishia sasa hivi."

"Ngoja kwanza." Mzee aliivua chupa leso. Akaitazama lebo, akamtazama Jani, akaitazama tena lebo. "Huyu si wewe?"

Jani alitazama. Mwanya wake. Shingo yake. Hereni yake moja! Na chini ya picha maneno yalidai kwamba mvinyo ule ulitiwa kwenye chupa shambani kwao, ng'ambo, miaka tisa iliyopita.

"Kumbe mnajuana na matapeli!" Meneja alikuwa ameshafika, na alipandisha sauti ili kila meza isikie. "Sura yako, hereni yako!"

"Meneja, si wewe uliyeununua?"

"Na wewe ndiye uliyewanywesha wateja! Kaa nyumbani mpaka mkaguzi wa bidhaa aje Jumatatu. Ukionekana una mkono humu, kazi huna."

Simu zilikuwa zimeshainuliwa, watu wanapiga picha. Jani hajafika hata kituo cha basi, shangazi yake akapiga: "Mwanangu, mbona nimekuona kwenye chupa?"

Alilia kwa hasira, kisha akampigia Wino.

"Umenichora kwenye chupa?"

"Umeiona! Jani wangu, nilitaka niku—"

"Umeniuza! Mvinyo ni feki, Wino. Nimefukuzwa mbele za watu kwa ajili ya sura yangu mwenyewe!"

"Haki ya Mungu sikujua. Sikusoma."

"Macho umepewa ya nini?"

"Kwetu kazini hatusomi..."

"Na mimi je? Kila siku unaniuliza nimekula nini, nimevaa nini. Ulishindwa kuniuliza, 'Jani, nikuweke kwenye lebo?' Hereni ulichukua, sura ukachukua. Kuuliza tu ndiko kulikokushinda!"

Akakata. Wino akapiga, akapiga tena. Namba yake ilikuwa imezuiwa.

Kesho yake alipita hotelini, akasikia habari za mkaguzi wa Jumatatu, kisha akamweleza baba yake mkubwa yote, mitambo ikinguruma. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa polepole, hakupenda alichosikia.

"Ukimtaja yule mteja, hapa tunafunga. Yeye ndiye anayetuwashia umeme."

"Baba mkubwa, mwenzangu anapoteza kazi na jina."

"Aseme wamefanana. Watu hufanana."

"Hereni hazifanani."

"Basi ukienda, acha ufunguo wangu."

Wino alimpenda mzee yule. Lakini ufunguo aliuweka juu ya meza.

Jumatatu, chumba cha mikutano cha hoteli kilikuwa na joto la kukera na kiyoyozi kinachopiga kelele bila kupoza. Mkaguzi, mama mnene aliyechoka, alikuwa amepandisha miwani juu ya kichwa. Meneja alikwepa macho ya kila mtu. Tajiri wa viatu vyeupe alizungumza kwa upole kama mhubiri.

"Mheshimiwa, mzigo umetoka ng'ambo kama ulivyo. Huyo wa kwenye picha ni mwanamke wa hukohuko, wa zamani. Kufanana na huyu binti ni bahati mbaya tu."

Jani alitamani kumrushia chupa. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia. Mlango ukafunguliwa. Wino aliingia na shati lililopigwa pasi upande mmoja.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyechora na kuchapa lebo hiyo. Huyu bwana aliniagiza, mwaka huu."

Tajiri alicheka. "Una ushahidi gani?"

"Muulizeni kwa nini mwanamke wake ana hereni moja."

"Ndio mtindo wao huko!"

Wino alitia mkono mfukoni, akaweka mezani jani la fedha lililobonyea. "Ya pili niliikanyaga mimi, kwenye foleni ya supamaketi. Mjomba wake ameitengeneza mwaka huu. Nilimchora vile nilivyomwona mara ya kwanza, kwa sababu tangu siku hiyo, mama, sijaona kingine."

Mkaguzi alishusha miwani. Jani alisogeza nywele, akaonyesha sikio lenye pacha. Mama yule alitazama hereni, sikio na lebo, kisha viatu vyeupe vilivyokuwa vinautafuta mlango.

"Wewe bwana, kaa chini," alisema. Akaitia hereni kwenye bahasha. "Hii inabaki kwangu."

"Nitarudishiwa lini?" Jani aliuliza.

"Kesi ikiisha."

"Itaisha lini?"

Mkaguzi alicheka cheko la mtu aliyezeekea ofisini. Meneja akajikohoza. "Basi dada, jioni urudi kazini, yameisha."

"Hayajaisha. Ulinitukana mbele ya wateja. Utaniomba radhi mbele ya wateja."

Wino alimkuta Jani nyuma ya hoteli, penye masanduku matupu, akivuta pumzi.

"Nimepoteza kazi," Wino alisema.

"Najua."

"Na hereni yako imekwenda."

"Najua. Na usidhani nimekusamehe."

"Sidhani." Alijitazama vidole. "Jani, naomba nikuulize kitu."

Jani aligeuka upesi. Hilo neno alikuwa amelisubiri kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa mapenzi. "Uliza."

"Unakubali nikuoe?"

Jani alikalia sanduku moja tupu, akamkagua kuanzia viatu mpaka shati.

"Jumamosi uende kwa mjomba," akasema. "Umweleze mwenyewe ulivyoikanyaga kazi yake. Akikuacha hai, mwambie aje anipime kidole."

"Kidole kipi?"

"Hata hilo unauliza?"

"Nimeanza, Jani. Siachi tena."