Mwanamume Aliyeangalia Misonobari

Lifti ya stesheni ya treni ya Ostkreuz, Berlin, ilikuwa imekufa tena, na Gundula, dereva wa tramu aliyekuwa kazini tangu alfajiri, hakuwa na miguu ya kupandia ngazi. Mbele ya mlango wa lifti, watu wakisukumana na mabegi na baiskeli, mwanamume wa makamo mwenye ovaroli ya buluu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la zana, anatafuna mkate.

"Bwana fundi, lifti imelala na wewe unakula?"

"Nasubiri kipuri, mama. Njaa imekataa kusubiri."

"Lafudhi hiyo ya wapi? Unaongea kama una kiazi mdomoni."

"Bavaria, kule kusini. Na wewe ni wa hapahapa Berlin, maana ulimi wako haubishi hodi."

Fundi akamchukulia mkoba ngazini hadi juu, akihema kuliko mwenye mkoba. Aliitwa Korbinian. Kabla treni haijafika alikuwa ameshapata namba ya simu.

Akawa anampigia kila siku, Gundula akiwa kwenye mapumziko mwisho wa reli.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi."

"Vumbi halishibishi. Jioni nakuja na supu."

Supu ilikuja, na Gundula, ambaye mumewe alipoondoka alimwambia amekuwa kama gunia, akaanza kupaka wanja tena. Alijicheka kwenye kioo, lakini alipaka. Julai ilipoingia na joto lake, Korbinian akamwomba ampeleke mahali anapopumzikia.

"Ziwani," alisema Gundula kwenye simu. "Ila upande wetu hatuvai kitu."



"Hata soksi?"

"Hata soksi, mpenzi."

Walipanda treni hadi mwisho, wakakatiza msitu wa misonobari, wakapita ufuko wa watu wote wenye kibanda cha aiskrimu, wakatokea kwenye kihori, sehemu ndogo ya ziwa iliyojificha nyuma ya matete. Wazee wa Berlin ya Mashariki walikuwa wakiogelea uchi pale tangu enzi za ile nchi yao ambayo haipo tena. Walivua nguo kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Gundula alifungua vifungo vya gauni lake la njano lililopauka, akalitundika tawini. Alikuwa na tumbo lililolegea, kovu la upasuaji, na miguu yenye mishipa. Pale hakuna aliyewahi kumwuliza habari za vitu hivyo. Duniani kote, hapo tu ndipo uchovu ulipomtoka.

Korbinian alibaki na kaptura mpya nyekundu, yenye picha za nanga, ndefu hadi magotini.

"Bwana, umepotea?" Lothar, tarishi mstaafu, alimwita kutoka kwenye blanketi alilokuwa akichezea karata. "Wenye nguo wako kule kwenye aiskrimu!"

Kihori kizima kikacheka. Korbinian akaivua kaptura kama anayebandua plasta, akakaa juu ya taulo, akainua uso kuangalia misonobari. Akaiangalia mchana kutwa.

"Maji matamu leo, eti?" aliuliza Gundula.

"Matamu sana," Korbinian akaiambia misonobari.

Hakumtazama hata mara moja. Waliporudi kwa treni, lile neno gunia likarudi nao.

Kesho yake simu ilipolia, Gundula aliipokea akiwa amesimama.

"Usinipigie tena."

"Gundula! Nimekosa nini?"

"Hukukosa. Uliona, ukageuza shingo."

"Sikuona kitu, nakuapia!"

"Ndicho ninachokisema." Akakata.

Agosti ilimwendea vibaya. Aliendesha tramu, akalala, akaendesha tena. Kila Jumapili alijiambia ataenda ziwani, na kila Jumapili alibaki kitandani. Septemba ilipofika akaingia dukani, akanunua vazi la kuogelea jeusi, la kitambaa kizito, bila kulijaribu mbele ya kioo.

Jumapili iliyofuata alitokea nyuma ya matete akiwa amelivaa chini ya gauni. Kwenye blanketi la Lothar alikuwepo Korbinian, uchi wa mnyama, anashindwa kwenye karata, amebabuka sehemu ambazo jua la kwao Bavaria halijawahi kuzifikia.

"Huyu jamaa wako yuko hapa kila Jumapili," alisema Lothar. "Anakungoja. Na kucheza hajui."

Gundula akavua gauni. Wote wakaliona lile vazi jeusi, na safari hii hakuna aliyetania. Ukimya huo ulimuuma kuliko kicheko.

Korbinian akasimama. "Nani kakuvalisha hilo?"

"Wewe."

Karata zikamdondoka. "Kazini waliniambia, ukienda kule usimkodolee mtu macho, utafukuzwa. Nikaogopa jicho lisije likaniponyoka. Nikaona bora nisiangalie kabisa."

"Kutokodoa siyo kutoniangalia, Korbinian! Tunaangaliana usoni, kama mezani."

"Nimeshajua. Lothar kanifundisha. Uso wa Lothar nimeuangalia mpaka nimeuchoka."

Gundula alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Nilikuwa na mahali pamoja tu. Mahali pamoja! Sasa hata hapa najiona kwa macho yako."

Akaingia majini ili asilie mbele za watu. Maji yalikuwa yameanza kupoa. Kitambaa kilimganda mwilini kama mkono wa mtu asiyemtaka. Korbinian akamfuata, wakasimama maji yakiwa shingoni.

"Nimechoka," alisema Gundula. "Sina nguvu ya kugombana, wala ya kuanza na mwingine."

"Basi usianze. Endelea na huyuhuyu."

Gundula akamwangalia usoni. Kisha akashusha mikanda ya lile vazi, akalivua chini ya maji, akamtupia Korbinian mkononi. Akatoka ziwani taratibu, maji yakimchuruzika, akageuka.

"Haya. Niangalie."

Korbinian akamwangalia. Aliona kovu, tumbo, magoti, yote bila haraka, kisha macho yakapanda usoni yakatulia hapo. Yalikuwa yamelowa.

"Nimekuona," alisema.

"Na?"

"Na miguu yako imevimba. Kaa, nikuombee kahawa ya Lothar."

Gundula akakaa mchangani, akainyoosha miguu juani. Taulo lilikuwa karibu na mkono wake, na hakulivuta.