Sauti ya Mama Nyuma ya Mtambo

"Elyor-aka, una homa?" nilimuuliza, kwa lile "aka" letu la kumwita mtu kaka. "Ununue programu ya wenye studio ili uhariri video za harusi za majirani?"

Darasa zima likacheka. Sisi wote pale ni watu wazima wa Marg'ilon, mji wa hariri hapa Uzbekistan. Mchana kila mtu yuko kwenye kazi yake, jioni tunajifunza kuhariri video kwa sababu tunapenda tu. Tunatumia programu ya bure, ile inayoweka chapa yake kwenye kona ya kila video, kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Elyor hakucheka, naye ni mtu wa kucheka. Anachonga milango ya mbao, na hata msumari ukimchoma hucheka kwanza ndipo alalamike.

"Mwalimu, amua wewe," akasema. "Sisi wa kujifurahisha, tuhamie programu kubwa au tubaki na hii?"

Mwalimu Fozil akaweka chini kibakuli chake cha chai.

"Kila darasa huniuliza hivyo. Na mimi huwauliza: ni kitu gani kimoja unachotaka kufanya, na hii ndogo inakataa? Kimoja tu. Kama huna, pesa zako kanunulie nyama ya pilau."

"Ninacho," Elyor akasema.

"Kitaje."

Akanitazama mimi, kisha akainamia meza. "Siwezi kukitaja hapa."

"Ohoo!" Bi Sabohat, muuguzi mstaafu, akapiga kofi. "Mwalimu, tutoke nje wote tuwaachie darasa?"

Nikaona uso wangu unawaka. Wote walijua kwamba mwaka uliopita Elyor alituma washenga kwetu, na kwamba mkate wao ulirudishwa, yaani posa ilikataliwa.

Siku ile mimi nilikuwa hapahapa darasani. Washenga walikuja na mikate miwili ndani ya kitambaa, wakanywa chai na mama yangu, wakaiacha mikate na kwenda kusubiri jibu. Kabla sijarudi nyumbani, mama akaanguka. Nilimkuta hospitalini, macho yake yananijua lakini ulimi umefungwa. Hakusema tena mpaka Mungu alipomchukua.

Shangazi Hanifa, dada wa marehemu baba yangu tunayeishi naye, ndiye pekee aliyekuwa naye wakati ule. Aliniambia, "Neno la mwisho la mama yako lilikuwa hili: rudisha mkate, mwanangu haolewi na yule."

Nilikuwa nimeolewa zamani na kuachika, na Elyor alikuwa mtu wa kwanza aliyenifanya nitamani tena kuwasha jiko kwa ajili ya mtu. Lakini neno la mwisho la mama ningelivukaje? Nilimwambia hivyo Elyor, naye akainamisha kichwa. Tangu hapo mazungumzo yetu yalikuwa video tu.

Jioni ile, baada ya swala ya isha, simu ikalia. Ujumbe wa Elyor:

"Anzirat, samahani. Kesho njoo mapema kabla ya darasa. Mwalimu Fozil atakuwepo, hatutakuwa peke yetu. Nimeona kitu kwenye video yako ya mtambo."

Nikajibu: "Video gani?"

"Ile ya siku ya washenga."

Nilikaa na simu mkononi. Ni kweli, siku ile kabla ya kwenda darasani nilitega simu yangu ya zamani kwenye dirisha irekodi mtambo wa kufumia hariri. Nilikuwa nataka picha za zoezi alilotupa mwalimu. Baada ya msiba niliihariri haraka bila kuitazama vizuri, nikaiweka mbali. Juzi tu ndipo nilipompa Elyor flashi yenye video zote za mtambo, atutengenezee filamu fupi ya maonyesho ya hariri.

Kesho yake nilifika nikiwa bado na rangi ya uzi kwenye kucha. Elyor akafungua kompyuta.

"Hii ni ile uliyohariri wewe," akasema. "Unaona nini kwenye kona?"

"Chapa ya programu."

"Sasa hii ndiyo yenyewe, kabla haijapitishwa kwenye programu. Tazama pale chapa ilipokuwa."

Nilisogea. Mbele yupo Shangazi Hanifa, anafuma. Nyuma kabisa, barazani, mdogo kama ukucha, yupo mama. Washenga wameshaondoka. Ameuchukua mkate mmoja. Anaubusu, anaugusisha kwenye paji la uso wake, anauweka juu kwenye shubaka. Kisha anamgeukia shangazi na midomo yake inachezacheza.

Nilimgusa kwa kidole kwenye kioo. "Mama."

"Anzirat, mtu anayetaka kuurudisha mkate, anaubusu na kuuweka juu?"

"Anasema nini?"

"Hapo ndipo programu yetu inaponishinda. Nikipandisha sauti, mtambo nao unapanda. Ta-tak, ta-tak, basi. Ile kubwa inaweza kutenganisha sauti ya mtu na kelele."

Nilitaka kulia, lakini kilichotoka ni hasira.

"Kumbe ndicho kitu chako kimoja! Elyor-aka, siku hizi kompyuta zinawasemesha wafu. Nitajuaje kwamba hukumfanya mama yangu aseme unachotaka wewe?"

Akasukuma kiti nyuma, akasimama mbali na meza.

"Una haki ya kuuliza. Basi mimi sitagusa hata kitufe. Mwalimu afanye, wewe ukae pembeni yake, utazame kila kitu anachobonyeza. Na kama mama alinikataa, nitalisikia kwa masikio yangu, sitalizungumza tena maisha yangu yote."

"Na ukikataliwa mara ya pili mbele ya mwalimu?"

"Nitarudi kwenye milango yangu." Akajaribu kucheka. "Milango imeshanizoea."

Mwalimu Fozil akakohoa. "Nanyi msinunue kitu. Programu hizi zina toleo la majaribio. Kwa mtu mwenye sentensi moja ya kusikiliza, linatosha. Dada Anzirat, mimi sitaongeza hata chembe. Nitapunguza tu. Unataka?"

Nilijua ninachokiogopa. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeishi na hapana ya mama, na nilikuwa nimeizoea kama jiwe ndani ya kiatu. Je, nikiisikia kwa sauti yake mwenyewe? Nikawaomba udhuru, nikaenda chumba cha pili, nikaswali rakaa mbili. Nikasema, "Ewe Mola, kama ni hapana, nipe moyo wa kuibeba. Kama si hapana, nipe moyo wa kuibeba pia."

Nikarudi, nikakaa, nikavaa hedifoni.

"Bismillahi. Punguza, mwalimu."

Mwanzoni ulikuwa mtambo tu. Akavuta mstari mmoja chini, mtambo ukasogea mbali, kama mtu anayeondoka na mzigo wake. Akavuta mwingine. Ikabaki hewa tupu, na ndani ya hewa ile, sauti.

"...Hanifa, usiwajibu lolote. Mkate ukae hapo juu..."

Nikashika meza.

"Ni yeye?" Elyor akauliza kwa mbali.

"Nyamaza!"

"...Anzirat akirudi kutoka darasani, mpe aushike mwenyewe. Mara ya kwanza tulimwoza bila kumuuliza, tukamvunja. Safari hii aulizwe yeye. Akitaka, auvunje. Asipotaka, tutaula na chai."

Halafu akacheka. Mama yangu alicheka, kicheko kile cha kupitia puani, ambacho hakuna kompyuta ingejua kukibuni.

Nilivua hedifoni nikampa Elyor. Alisikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akayachafua zaidi.

"Hakunikubali," akasema.

"Na hakukukataa," nikasema. "Kila kitu aliniachia mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nisubiri. Kuna mtu nina swali naye." Nikamgeukia mwalimu. "Mwalimu, rudisha mtambo kidogo. Hivi ilivyo, sauti imekaa peke yake kama ya mtu aliye kisimani. Mama bila mtambo simjui."

Nyumbani nilimkuta Shangazi Hanifa akifuma. Nikaweka simu yenye rekodi ile juu ya mbao, karibu na mkono wake.

"Shangazi, nataka usikilize kitu."

"Weka, masikio yangu hayana kazi."

Ta-tak, ta-tak, simu ikaanza. Kabla mama hajasema neno, mkono wa shangazi ulisimama.

"Huu ni mtambo wangu," akasema. "Pigo la kushoto limechelewa. Huu ni..."

Sauti ya mama ikaja. Shangazi hakunitazama. Aliangalia nyuzi mpaka kicheko kikaisha.

"Nilidhani mtambo ulimfunika," akasema taratibu.

"Ulimfunika. Shangazi, kwa nini? Nilimshuku Elyor kwamba atamwekea marehemu maneno mdomoni, kumbe aliyeweka tunakula naye sahani moja!"

"Nitukane, Anzirat. Ni haki yako."

"Sitaki kukutukana, nataka kujua!"

"Mama yako alianguka hapo, mbele yangu." Alionyesha baraza kwa kidole chenye sugu. "Wakambeba. Nikabaki nimekaa hapa, nautazama mkate kule juu. Nikajua atakufa. Nikajua ukiuona ule mkate utauvunja, maana jina la yule mchonga milango lilikuwa halikutoki mdomoni. Sijaolewa mimi, sina mtoto. Ningebaki na mtambo na paka. Na paka mwenyewe anaenda kula kwa jirani."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja kitu. Nikatoka nje, nikatawadha kwa maji baridi, nikaketi kando ya mfereji mpaka moyo uliposhuka. Sikumsamehe siku ile. Siwezi kusema uongo juu ya jambo hilo. Lakini niliporudi nilikuta amenichemshia chai, na nikainywa.

"Nyumba ya Elyor ni lango la tatu kutoka hapa," nilimwambia. "Mtambo hauhami. Nani alikwambia nikiolewa nitaacha kufuma?"

"Hakuna," akasema. "Sikuuliza."

"Hata mimi sikuulizwa."

Kisha nikamtumia Elyor ujumbe: "Ule mkate wa mwanzo ulirudi. Leteni mwingine."

Akapiga simu papo hapo.

"Anzirat, umeandika nini? Nisomee mwenyewe, nisije nikakosea."

"Una macho, soma."

"Mikono inatetemeka, sioni."

"Basi muite mwalimu Fozil akupunguzie kelele."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Washenga walikuja Alhamisi. Desturi ni kwamba mkubwa wa upande huu na mkubwa wa upande ule wanaushika mkate pamoja na kuuvunja, na hapo uchumba umefungwa. Kwetu mkubwa ni Shangazi Hanifa. Dada mkubwa wa Elyor akashika upande mmoja. Shangazi akanyoosha mkono, akausimamisha hewani.

"Mimi sina haki na huu," akasema mbele ya wote. "Marehemu alisema aushike mwenyewe."

Wanawake wakatazamana. Haijawahi kuonekana bibi harusi kuuvunja mkate wake. Dada wa Elyor akaniangalia, akauliza polepole, "Haya, binti. Unataka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza neno hilo katika baraza lile. Nilitazama juu kwenye shubaka, nikasema Bismillahi, nikauvunja. Makombo yakaruka mpaka kwenye chai.

Siku hiyo simu ilikuwa imetegwa kwenye dirisha lilelile. Wiki iliyofuata Elyor aliniuliza darasani:

"Toleo la majaribio limeisha. Ya mkate tunahariri kwa programu gani?"

"Tunataka kufanya nini ambacho ile ndogo inakataa?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Basi ile ndogo."

"Na chapa yake je?"

Nikaisukuma simu kwake. Safari hii, kabla ya kurekodi, niliisogeza kidogo, kona ya chapa ikabaki na ukuta mtupu.