Sikiliza Kwanza, Ndipo Upige Pasi

Kila asubuhi nyumba ya Mama Kitufe hunukia sabuni na nguo zenye joto. Yeye ni dobi. Anafua uani, anaanika kwenye kamba tatu, na anapiga pasi sebuleni karibu na dirisha, kwa sababu hapo ndipo penye mwanga. Mashati ya wahudumu wa hoteli, sare za shule, makoti meupe ya zahanati, yote hupita mikononi mwake.

Mumewe, Baba Kitufe, ni mwokaji mikate. Hutoka alfajiri na kurudi mchana, unga ukiwa umemjaa hadi kwenye nyusi. Binti yao ana miaka mitatu. Alizaliwa mdogo sana, baba yake akamwita Kitufe, na jina likaganda. Jina la kwenye cheti lipo, lakini haliitwi ila siku mtoto akivunja kitu.

Mtu wa nne ni Bibi, mama yake Baba Kitufe. Alikuja kuishi nao mwaka jana, macho yake yakiwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Mama Kitufe ndiye aliyempeleka kupasuliwa. Ndiye aliyemtia dawa ya matone mara nne kwa siku, bila kusahau hata siku moja. Macho yalipofunguka, Bibi alimtazama mke wa mwanawe kwa muda mrefu.

"Kumbe mkwe wangu mzuri hivi," alisema. "Na mimi nilikuwa namsikia tu."

Zamani Bibi alikuwa mshona magodoro. Kitu cha kwanza alichoshona baada ya kupona kilikuwa kava la meza ya pasi. Alichukua sponji, blanketi kuukuu na kitambaa kipya, akashona kwa siku tatu. Kisha akapitisha utepe wa pamba chini ya meza, kutoka upande huu hadi ule, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Akavuta kwa nguvu zake zote. Akafunga fundo.

"Halitateleza hili," alisema. "Maneno yangu hayatoshi, mwanangu. Nimeona nikushukuru kwa mikono."

Mama Kitufe alitokwa na machozi. Kava lilikuwa laini, na nguo zilinyooka juu yake vizuri kuliko zamani.

Meza yenyewe ni ya kukunja. Miguu yake ya chuma inapishana kama mkasi. Ikikunjwa, inakaa nyuma ya mlango. Ikikunjuliwa, siku hizo, Kitufe alikuwa anaingia chini yake na sufuria lake dogo la kuchezea. Hapo ndipo palikuwa nyumbani kwake. Alipika, akakaribisha wageni, akafukuza wageni. Mama yake alimzoea. Sisi wazazi tunazoea mambo mengi ambayo hatukupaswa kuyazoea.

Wiki chache baadaye, meza ilianza kushuka yenyewe. Mara ya kwanza ilishuka kiasi cha vidole vinne, Mama Kitufe akiwa katikati ya kola. Wote walicheka. Mara ya pili hawakucheka sana.

"Hii inataka mafuta tu," alisema Baba Kitufe, kwa uhakika wa mtu asiyejua. Akaleta mafuta ya kupaka mabati ya mikate, akapaka chini ya meza, kila palipokuwa na chuma. Juu ya hapo akazungusha waya kwenye miguu.

Meza ikatulia siku mbili.

"Umeona?" akasema. "Mke wangu, wewe umeolewa na fundi."

Siku ya tatu waya ulilegea na meza ikashuka tena. Fundi yule alikuwa kazini, akioka mikate.

Ikaja siku ya makoti ya zahanati. Yalikuwa tisa. Makoti yale ni mazito, hayanyooki bila maji. Mama Kitufe alinyunyizia, akapiga pasi, akanyunyizia tena. Kava lilikuwa limelowa. Kitufe alikuwa chini ya meza, akipika. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, akimenya vitunguu.

"Bibi, chakula tayari," aliita Kitufe. Akatoka chini ya meza kwa magoti, akimpelekea bibi yake kijiko kitupu.

Hapohapo meza ikaanguka. Safari hii haikushuka vidole vinne. Ilishuka yote, na pasi ikateleza kuelekea alipokuwa mtoto. Mama Kitufe hakufikiri. Aliisukuma kwa mkono mtupu. Pasi ikatua sakafuni upande wa ukuta, shubiri moja kutoka kwenye kisigino cha Kitufe.

Sufuria la kuchezea lilikuwa chini ya meza. Lilikuwa limebonyea hadi likawa bapa. Mama Kitufe alilitazama, akaketi sakafuni na kumkumbatia mwanawe. Hata hakuhisi kwamba mkono wake umeungua.

"Hodi," ilisikika sauti mlangoni.

Alikuwa Fundi Spana, jirani wa nyumba ya tatu. Ni mwanamke mwenye mikono mipana, na kazi yake ni kutengeneza vitanda na viti vya magurudumu vya zahanati. Jina la Spana alilipata kwa sababu haachi kuwa nayo mfukoni. Mara nyingi Mama Kitufe ameikuta ndani ya beseni la kufulia. Siku hiyo alikuwa amefuata koti lake.

Alitazama mara moja tu, akaelewa. Kwanza alichomoa waya wa pasi ukutani. Pili akamshika Mama Kitufe mkono. Bibi alikuwa tayari amefika na dawa ya meno.

"Shikamoo mama. Hiyo dawa irudishe kwenye mswaki," alisema Fundi Spana kwa upole. "Mtu akiungua ni maji ya bomba. Si mafuta, si dawa ya meno, wala si barafu. Maji ya kawaida yatiririke juu ya kidonda dakika ishirini. Halafu tufunike kwa kitambaa safi."

"Marahaba," alijibu Bibi.

Mama Kitufe alisimama kwenye bomba la jikoni, mlango ukiwa wazi. Kutoka pale aliweza kumwona Fundi Spana akiipindua meza, miguu juu.

"Imezeeka tu hiyo," alisema Mama Kitufe. "Itupwe."

"Ngoja. Meza hii na vitanda vyangu ni ndugu. Vyote vinakunjwa, na vyote vinategemea kitu kimoja." Alionyesha kwa kidole. "Mguu huu umefungwa kwa pini, hautembei. Huu mwingine unatembea kwenye reli hii yenye meno. Ukikunjua meza, mguu unaingia kwenye jino moja. Kisha hiki kipande kidogo kinaruka na kuubana usitoke. Hiki ndicho komeo. Pasi, nguo, mikono yako, uzito wote unategemea hiki kipande."

"Kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyo. Na springi hii ndiyo inayokisukuma. Komeo likikaa sawasawa utalisikia. Linalia *kach*. Lisipolia, meza imesimama kwa bahati tu." Akapitisha kidole kwenye reli. "Mbona kuna mafuta ya kupikia huku?"

Mama Kitufe alikohoa. "Nimeolewa na fundi."

Fundi Spana alijizuia kucheka. "Mwambie fundi wako meno ni ya kuuma. Ukiyapaka mafuta yatateleza. Na mafuta ya kupikia yakishika vumbi yanakuwa gundi. Lakini sidhani kama ubaya ulianzia hapa. Niambie, huwa inaanguka siku gani?"

"Siku yoyote."

"Fikiri. Hakuna kitu kinachoharibika siku yoyote."

Mama Kitufe alifikiri, maji yakimtiririka mkononi. Mara ya kwanza ilikuwa koti. Mara ya pili pia. "Siku za makoti," alisema polepole. "Siku ninazotumia maji mengi."

Fundi Spana aligusa utepe wa pamba. Ulikuwa umelowa na kukaza. Ulipita juu ya mkono wa komeo, ule unaovutwa mtu akitaka kukunja meza, na fundo lake lilikuwa nyuma yake kabisa.

"Nimeipata," alisema. "Pamba ikilowa inajikaza. Utepe ukikaza unauvuta mkono huu, na komeo linafunguka nusu. Linabaki kuuma kwa ncha. Tazama ncha yenyewe, imelika na kuwa duara. Utepe huu kaufunga nani?"

Bibi alisogea karibu na meza.

"Mimi," alisema Mama Kitufe haraka.

"Basi dakika zako zikiisha njoo ulifungue fundo."

Mama Kitufe alikuja, mkono ukidondosha maji. Alilitazama fundo. Alijaribu huku, akajaribu kule. Lilikuwa fundo la mshona magodoro, na yeye ni dobi.

"Muache," alisema Bibi. "Hajui hata linaanzia wapi. Nililifunga mimi." Akapiga magoti, akavuta ncha moja, na fundo likafunguka lote. Kisha akabaki pale sakafuni, utepe mkononi, akilitazama sufuria lililobonyea.

"Nilitaka kushukuru," alisema. "Kumbe nilikuwa namtegea mjukuu wangu mtego. Nirudisheni kwangu. Mzee kama mimi anaharibu tu."

Mama Kitufe alipiga magoti karibu naye.

"Mama, nisikilize. Mimi nimedanganya hapa ili nikufiche. Kama na wewe ungenyamaza, tungetengeneza komeo, halafu ungefunga utepe uleule, na kesho Kitufe angekuwa chini yake. Wewe ndiye uliyesema kweli. Mwanangu yuko salama kwa sababu umesema kweli. Nakushukuru. Na hurudi popote."

Bibi alimshika mkono, ule mzima.

"Tena kava hili ni zuri," alisema Fundi Spana. "Shida ni njia ya utepe tu. Mama, unaweza kulifunga bila kupita katikati?"

Mshona magodoro akiulizwa jambo la kazi yake, machozi husubiri. Bibi alipangusa uso, akapima chini ya meza kwa shubiri.

"Lete lastiki," alisema. "Nitaishona kwenye ukingo wa kava, ijikunje yenyewe kama kofia. Huku kwenye chuma hakutapita hata uzi."

Mchana Baba Kitufe alirudi na unga wake kwenye nyusi. Alisimuliwa yote. Alimbeba Kitufe, akamnusa kichwani. Kisha akauliza kazi yake ni ipi. Akapewa kitambaa, maji ya moto na sabuni, akafuta mafuta yake mwenyewe, jino kwa jino, hadi reli ikakauka. Fundi Spana alikuja na springi mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilichoka kwa kuvutwa kila siku. Ncha ya komeo akainoa kwa tupa mpaka ikawa na kona tena. Akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini, basi.

"Komeo likilika kabisa msilinoe tena, libadilishwe," alisema. "Na waya huu usirudi hapa. Waya unaficha ugonjwa."

Halafu akamfundisha Mama Kitufe mbele ya wote. Kunjua meza bila pasi. Sikiliza *kach*. Bonyeza kwa viganja viwili katikati, kisha kwenye ncha nyembamba. Inama utazame komeo limezama ndani ya jino. Hapo ndipo pasi ije. Wakati wa kukunja, pasi iondoke kwanza, na vidole vikae mbali na mahali miguu inapopishana.

"Na huyu?" aliuliza Mama Kitufe, akimtazama Kitufe.

"Huyu ahamishwe. Hata komeo likiwa zima, chini ya pasi si mahali pa mtoto."

Kitufe alihamia pembeni mwa kiti cha Bibi. Bibi alimshonea kibanda kwa kitambaa kilichobaki, chenye mlango na pazia. Mtoto alikataa kwa nusu saa, akakubali alipoona pazia.

Tangu siku hiyo kazi haianzi mpaka Bibi aseme. Mama Kitufe anakunjua meza, anasubiri. Komeo linalia. "Nimesikia," anasema Bibi, na pasi inachomekwa. Mkono wa Mama Kitufe ulipona, ukabaki na alama ndogo. Makoti ya zahanati yanapigwa pasi kila wiki, na maji yake yote, na meza haijashuka hata kidole. Zahanati nayo imemwomba Bibi ashone kava la meza yao. Amelishona la lastiki.

Juzi Bibi alikwenda kupimwa macho. Mama Kitufe alikuwa na haraka. Alikunjua meza, akachukua pasi.

"Mama, bado," ilisema sauti kutoka kibandani. "Sijasikia."

Mama Kitufe alisimama. Kweli, hata yeye hakusikia. Aliweka pasi chini, akainama, akatazama. Soksi moja ya sare ya shule ilikuwa imejikunja ndani ya reli, na komeo lilikuwa limeibana soksi badala ya jino. Akaitoa. Akakunja meza, akaikunjua upya.

*Kach.*

"Nimesikia," alisema Kitufe, akaendelea kupika.

Bibi aliporudi, Mama Kitufe alimpokea mlangoni hata kabla hajavua viatu. Alimpa ile soksi, akamsimulia. Bibi aliigeuza soksi mkononi, akaitazama vizuri kwa macho yake mapya.

"Asante, mama," alisema Mama Kitufe. "Ni kwako amejifunza kusikiliza."