Kibanda Nyuma ya Obwocha

Kila jioni Mokeira akitoka shuleni hapa Manga, huvua sare, huteka maji, kisha humsaidia nyanya yake, Bi Nyanchoka, kumenya ndizi. Alhamisi hiyo mambo yalikuwa tofauti. Chama cha filamu cha shule kilikuwa uani kwao, na aliyeshika kamera, yaani simu ya Mwalimu Ogeto, alikuwa Mokeira mwenyewe. Kichwa kilimvimba kidogo, na nani asingevimba?

Filamu ilikuwa fupi: mjukuu anarudi nyumbani kumwomba nyanya yake msamaha. Nyanya alikuwa Bi Nyanchoka, na mjukuu alikuwa Obwocha, mvulana mpole aliyekariri maneno yake hata akichuma chai.

"Chora mstari akilini, kutoka pua ya Nyanya hadi pua ya Obwocha," Mwalimu alisema kabla ya kwenda barabarani kuwaomba watu wa boda boda wanyamaze. "Kamera ibaki upande huu. Ukiuvuka mstari, wote wataonekana wakitazama kule kule, na hatutajua nani anaongea na nani."

Mokeira alimrekodi Nyanya vizuri, migomba nyuma yake. Alipoigeuza kamera kwa Obwocha, alivunjika moyo. Nyuma yake kilisimama kibanda chao cha kupikia, kimejaa masizi, ukuta mmoja umezibwa kwa gunia. Shule nzima ingekiona! Akatazama huku na huku, kisha akavuka upande wa pili, ambako nyuma ya Obwocha kulikuwa na shamba la chai tu.

Ijumaa vipande viliunganishwa, darasa likatazama. Nyanya alikuwa akitazama kulia. Obwocha naye kulia. Mjukuu alionekana kama anakiomba msamaha kisogo cha nyanya yake.

"Anaongea na ng'ombe?" Sharon aliuliza, na darasa zima likacheka.

"Mokeira, ulivuka mstari?" Mwalimu aliuliza.

"La, Mwalimu. Ni Obwocha aliyegeuka."

Obwocha aliinamisha kichwa. Mwalimu akaamua kwamba Jumapili sehemu hiyo irekodiwe upya, na mwenzao Gibson awe mjukuu. Mokeira hakuweza kula chakula cha mchana.

Jumamosi, siku ya Sabato, Nyanya akiwa na Mokeira nje ya kanisa, alimwona Obwocha. "Mjukuu wangu, kesho umejitayarisha?"

"Sitakuja, Nyanya. Wanasema niligeuza macho."

"Wewe? Hukuniondolea macho hata kidogo. Nilikaribia kulia."

Masikio ya Mokeira yaliwaka kwa aibu. Walipofika nyumbani alimweleza Nyanya yote, mstari, gunia na masizi, huku akitazama vidole vya miguu yake.

"Kumbe kibanda changu kinakuaibisha," Nyanya alisema taratibu. "Na ili kisionekane, ukamwaibisha mtoto wa watu."

Mokeira alilia. Aibu hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya masizi.

Jumapili alisimama mbele ya wenzake. "Ni mimi niliyevuka mstari. Obwocha hakugeuka. Nisamehe, Obwocha." Baadhi walinong'ona. Obwocha alitikisa kichwa kukubali, lakini hakutabasamu, na Mokeira aliona kwamba Obwocha ana haki.

Obwocha alirudishiwa nafasi yake. Nyanya alivaa leso ile ile ya Alhamisi na kushika ndizi iliyomenywa nusu kama siku hiyo, ili vipande vishikane. Mokeira alibaki upande unaofaa, kibanda kikaonekana chote.

"Kamera ikikosea, tunarekodi upya," Mwalimu Ogeto aliwaambia walipomaliza. "Lakini ukimtwika mwenzako kosa lako, unamuumiza kila siku unayonyamaza. Sema mapema, hata kama uso unawaka."

Jumatatu darasa lilitazama tena. Mjukuu alimtazama nyanya yake, nyanya akamtazama mjukuu, na hakuna aliyecheka.

"Hicho kibanda ni cha nani?" Sharon aliuliza.

Mokeira alimgeukia. "Ni chetu," alisema.