Nusu Kilo ya Jacinta

Kila asubuhi Jacinta alivuka barabara na ndoo ya mahindi hadi kinu cha Bi Obdulia, akarudi na unga mbichi wa chapati. Njiani aliwasahihisha watu hesabu zao bila kuombwa. Pale Atlixco, mji wao wa Meksiko, walikwisha kumzoea, kama unavyozoea jogoo wa jirani.

Siku hiyo ilikuwa tarehe mbili Februari, na kazi ilikuwa kubwa. Mwezi uliopita, mkate wa sikukuu ulipokatwa, kidoli kilichofichwa ndani kiliangukia kwenye kipande cha bibi yake, Maclovia, nusura kimng'oe jino. Apataye kidoli huwapikia wenzake tamale, vitonge vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwa maganda na kupikwa kwa mvuke, na wageni arobaini wangefika saa saba mchana. Bibi naye alikuwa na mkono kwenye plasta, baada ya kumkimbiza bata mzinga na kuanguka yeye.

"Utakanda wewe, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Unga ni kilo tano. Kanunue poda ya kuumulia, gramu hamsini. Mafuta tutatia mwisho."

Dukani, muuzaji aliuliza apime kiasi gani. Jacinta hakutaka kutaja gramu kama mtoto aliyetumwa. Mita ina sentimita mia, akawaza, basi kilo nayo ina gramu mia. Hamsini ni nusu.

"Nusu kilo," akasema.

"Mnafungua kiwanda cha mikate?"

"Wewe pima tu, mjomba. Hesabu niachie mimi."

Nyumbani aliimwaga poda yote ndani ya unga, akakanda mpaka jasho likamtoka. Kisha, ili kumringia binamu yake Toño, akatupa kitonge ndani ya glasi ya maji. Unga usiotiwa mafuta huzama. Kitonge hiki kilitoa povu, kikavuma, kikapanda juu kikizunguka.

"Unga wako unachemka bila moto," Toño alisema. "Hizo tamale zitakuja mezani zenyewe."

Jacinta alionja. Ulimi ukakunjamana kwa uchungu. Na nyumbani hamkuwa na mahindi mengine. Alitazama ndoo ya nguruwe, akamtazama Toño.

"Tukiumwaga humu, nani atajua?"

"Nguruwe atajua. Atapaa."

Jacinta hakucheka. Alijifuta mikono, akaenda uani kwa Bibi.

"Bibi, nimeharibu unga wote. Nimetia nusu kilo."

Bibi akamuuliza: "Kilo moja ina gramu ngapi, mwalimu wangu?"

"Mia... hapana. Elfu. Mia ni sentimita kwenye mita."

"Na nusu kilo?"

"Mia tano."

"Ina hamsini ngapi ndani yake?"

Jacinta alihesabu kwa vidole, jambo ambalo alikuwa hajalifanya hadharani tangu darasa la pili. "Kumi. Poda hii ingetosha mapishi kumi."

Bibi alichungulia barabarani. Mbele ya kinu wanawake tisa walikuwa wamepanga foleni ya kulipa, kila mmoja na kilo zake tano za unga wa tamale, bado haujatiwa kitu.

"Haya, kawaambie mwenyewe."

Jacinta aliwaambia, masikio yakimwaka moto. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Leo katusahihisha vizuri," alisema Bi Obdulia, akivuta mizani yake. "Enhe, tufanyeje sasa?"

"Kila mama anipe nusu kilo ya unga wake, nami nimpe nusu kilo ya wangu pamoja na poda yake. Ndani yake mna gramu hamsini za poda. Asinunue poda tena."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Nusu kilo yangu na poda yake, na nusu kilo tisa zenu. Kilo tano za unga."

Bi Obdulia alipima vipande kumi, kimoja kimoja, na Jacinta akasoma mizani kwa sauti: gramu mia tano na hamsini, gramu mia tano na hamsini. Kila ndoo ikakandwa upya.

Saa saba wageni arobaini walikula, wakaomba nyongeza. Toño alikula sita, eti anahakikisha hazipai.

Bibi alimsogezea Jacinta sahani. "Kipimo ukikijua nusu, uulize. Hakuna aibu. Na ukikosea, fanya kama leo: sema wakati unga bado ni unga. Ungenyamaza mpaka sufuria ichemke, hata hesabu yako nzuri isingetuokoa."