Mbavu Zilizopakwa Viungo vya Zita

"Gladys, kopo la bluu lililokuwa kabatini liko wapi?"

Jesse alisimama mlangoni mwa jiko la kwao, Uru. Nje, wazee wangu kutoka Njoro walishakaa chini ya turubai wakisubiri ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ya uchumba wetu.

"Nimelitumia," nikamjibu. "Viungo nilivyotwanga viliishia mapajani, mbuzi wenu mkubwa. Mbavu nimezipaka vya kwenye kopo."

"Vyote?"

"Vyote. Kwani vilikuwa vya nani?"

Jesse akatoka nje. Akaupita moto bila kuutazama, akaingia migombani. Mama yake ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini:

"Alivitwanga Zita, mwanangu. Wiki ile ile aliyofariki. Jesse hulifungua hilo kopo kila Jumapili, ananusa, analifunika."

Zita ni marehemu mke wake, na kaburi lake liko pale pale kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, hatua kumi kutoka dirisha la chumba nitakacholala. Kaburi nilishalizoea. Sikujua kwamba hata kabatini alikuwemo.

Mafuta yakadondoka kwenye makaa, moshi ukapanda. Harufu ya binzari, tangawizi kavu na pilipili manga ikajaa ua mzima. Mama akaweka chini kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi.

"Yesu na Maria," akanong'ona. "Amerudi."

Ujumbe wa Jesse ukaingia kwenye simu yangu: "Waambie wazee wako wanisamehe. Leo siwezi. Sijui kama nitaweza tena."

Nilikasirika, siwafichi. Lakini niliogopa zaidi. Nampenda huyu mwanaume, na nilikuwa nampoteza kwa mwanamke ambaye hata kugombana naye siwezi. Nikakata ubavu mmoja, nikauweka kwenye sahani, nikamfuata. Desturi yetu ni kumlisha mchumba mbele ya wageni. Mimi wangu nilimkuta amekaa kando ya kaburi la Zita.

"Nisamehe, Jesse. Sikujua. Ila leo niambie ukweli, la sivyo narudi Njoro na wazee wangu. Zita bado ni mkeo?"

Nikaanza kugeuka.

"Lile kopo lilishaisha harufu," akasema. "Mwaka wa pili sasa nanusa vumbi, najidanganya. Leo ulipovipeleka motoni nikamsikia kabisa, kama yuko jikoni. Nikakimbia."

"Ulimkimbia yeye au mimi?"

"Wote wawili."

Machozi yakanitoka. Nikamega nyama.

"Basi kula. Asije akawa alitwanga bure."

Akafungua kinywa. Akatafuna polepole, halafu akaacha, akanitazama, akaanza kucheka huku analia.

"Chumvi! Imezidi chumvi!"

"Mimi sikuongeza."

"Ni yeye! Kila siku tuligombania chumvi. Siku nyingine hatuongei mpaka kesho yake. Gladys, nilishasahau kwamba tulikuwa tunagombana."

Akala ubavu wote, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akasimama.

"Twende kwa wazee wako," akasema.

"Tangulia. Nakuja."

Alipofika kwenye migomba ya mwisho, nikapiga goti.

"Shikamoo, dada," nikamwambia Zita. "Mimi ndiye Gladys."